Corrado wa Piacenza: mtakatifu aliyelipa fidia kwanza

Corrado Confalonieri alizaliwa yapata mwaka 1290 katika ukoo wa makabaila, karibu na mji wa Piacenza, kaskazini mwa Italia. Alipenda sana kuwinda. Siku moja mawindo yalijificha vichakani, naye akaamuru watumishi wake wavichome moto. Upepo ukavuma kwa nguvu, moto ukavuka hadi kwenye mashamba ya watu. Corrado na wenzake waliposhindwa kuuzima, walirudi mjini kimyakimya.

Watu walikuja juu, akatafutwa wa kubeba lawama. Akakamatwa maskini mmoja aliyeonekana maeneo yale, akateswa hadi akakiri kosa asilolifanya, akahukumiwa kifo. Alipokuwa akipelekwa kuuawa, Corrado akajitokeza mbele ya watu na kusema moto aliuwasha yeye. Hakuna aliyekuwa akimshuku, na angenyamaza tu, mambo yangeishia hapo.

Aliagizwa kufidia hasara yote, na fidia hiyo ikamfilisi. Mkewe, Eufrosina, akaingia utawa wa Waklara; yeye akajiunga na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, kisha akashika njia ya kusini hadi Noto, kisiwani Sisilia. Huko alihudumia wagonjwa. Sifa zake zilipoenea na wageni kuzidi, alihamia kwenye pango la Pizzoni, nje ya mji, akaishi kwa sala na kufunga. Kila Ijumaa alitembea hadi Noto kusali mbele ya msalaba. Masimulizi ya huko yanasema wakati wa njaa waliomwendea walipewa mkate wa moto, utadhani umetoka tanurini muda huohuo. Alifariki tarehe 19 Februari 1351, na mwaka 1515 Papa Leo X akairuhusu Noto iadhimishe sikukuu yake.

Tetemeko la mwaka 1693 liliuangusha mji ule wa kale, ukajengwa upya mahali pengine, na masalia ya Corrado sasa yamo katika kanisa kuu la Noto mpya, ndani ya sanduku la fedha.

Wasimulizi wengi hukimbilia pangoni na kwenye miujiza ya mikate. Kwangu mimi, utakatifu wake ulianza siku ile alipomwokoa yule maskini. Waumini humwomba hasa kwa ajili ya ugonjwa wa ngiri. Ningependa wamwombe pia kwa ajili ya kila aliyebambikiwa kesi.