Kutoka Papasi hadi Chandarua: Habari za Ifakara na Wahisani wa Basel

Katika nyumba za udongo za zamani, hususan zile zilizokuwa kando ya njia za misafara itokayo pwani kwenda Tabora na Ujiji, msafiri aliyeomba hifadhi ya usiku mmoja aliweza kuamka asubuhi bila ya dalili yoyote mwilini isipokuwa mwasho, kisha, zikipita siku chache, akashikwa na homa kali, ikamwachia, ikamrudia, ikamwachia tena na kumrudia, hata akadhani amerogwa. Aliyemuuma alikuwa papasi, mdudu wa jamii ya kupe, mwenye rangi ya vumbi, ambaye mchana hujificha katika nyufa za kuta na sakafu, usiku hutoka kufyonza damu, na akikosa mtu wa kumfyonza aweza kukaa miaka bila ya chakula. Mwaka 1905 tabibu wa Kijerumani Robert Koch alimchunguza papasi huyo katika njia hizo hizo za misafara, akaona kwamba mama huwarithisha wanawe vijidudu vya homa hiyo kwa njia ya mayai. Na mwaka huo huo, huko Kasongo katika nchi ya Kongo, tabibu kijana wa Kiingereza, Joseph Dutton, alifariki kwa homa ile ile aliyokuwa akiichungua.

Dutton alikuwa mtu wa Skuli ya Tiba ya Nchi za Joto ya Liverpool, iliyoasisiwa mwaka 1898 kwa fedha za Alfred Jones, tajiri wa merikebu zilizofanya biashara na Afrika Magharibi, pwani iliyojulikana kwa kuwaua wageni kwa homa. Naye Jones hakuficha kwamba hesabu za biashara zilikuwa na sehemu yake katika ihsani hiyo. Twalitaja jambo hili mapema ili msomaji asije akashangaa mbele: fedha za kuchungua kinga ya maradhi, tangu asili yake, aghalabu zimetoka katika mikono ya watu wenye haja zao, na chuo kikuu kikawa ndicho cha kuzigeuza haja hizo ziwe elimu.

Mji wa Basel, nchini Uswisi, una chuo kikuu cha tangu mwaka 1460 na viwanda vya rangi na dawa vilivyojengwa ukingoni mwa mto Rhine. Katika kiwanda kimojawapo, kiitwacho Geigy, mkemia Paul Müller aligundua mwaka 1939 kwamba DDT huua wadudu, na kwa ugunduzi huo akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Katika ukoo wa jina hilo hilo alizaliwa mwaka 1902 Rudolf Geigy, ambaye hakuchagua biashara ya wazee wake, bali elimu ya wanyama, akawa mwalimu katika chuo kikuu cha mji wake. Vita Vikuu vya Pili vilipokuwa bado vinaendelea, Uswisi iliridhia mwaka 1943 kuundwa kwa Taasisi ya Uswisi ya Nchi za Joto, pamoja na mambo mengine ili kuwaandaa Waswisi waliotarajia kwenda ng'ambo vita vikiisha, na Geigy akawekwa kuwa mkuu wake wa kwanza.

Mwaka 1949 Geigy alifika Ifakara, mji uliopo katika bonde la mto Kilombero, ambako mapadre Wakapuchini kutoka kwao Uswisi walikuwa na misheni na hospitali. Bonde hilo ni la mpunga na mafuriko, na katika masika ya zama zile barabara zilizama. Mwenye haraka hakuwa na la kufanya ila kungoja. Labda kungoja huko ndiko kulikomfaa mtaalamu wa wadudu. Aliyewataka papasi ilimbidi aombe ruhusa kwa mwenye nyumba, ainame kando ya kitanda na karibu na mafiga, afukue vumbi, alichekeche polepole, kisha atazame kwa makini ni punje gani za mchanga zinazojongea. Jamaa za papasi hao hukaa pia katika mashimo ya ngiri, na huko nako wataalamu walitia mikono yao, kazi ambayo mwandishi huyu hamtakii mtu yeyote.

Maabara ya uchunguzi ilisimama Ifakara mwaka 1957. Mwaka 1960 viwanda vya Basel viliunda mfuko wa kusaidia nchi zinazoendelea, na mwaka uliofuata, ule ule wa Uhuru wa Tanganyika, kikafunguliwa kituo cha kufundishia waganga wa vijijini. Kwamba viwanda hivyo viliuza dawa, na kwamba jina jema halimdhuru mwuzaji, ni kweli isiyohitaji kufichwa. Lakini ni kweli pia kwamba mwenye kiwanda angaliweza kupata jina jema kwa gharama ndogo zaidi, na mahali panapofikika. Kituo hicho baadaye kilitwaliwa na serikali, na ile maabara, baada ya kubadilika jina mara kadhaa na uongozi wake kushikwa na Watanzania, miongoni mwao Andrew Kitua na Hassan Mshinda, leo ndiyo Taasisi ya Afya Ifakara.

Katika miaka ya 1990 adui mkuu hakuwa papasi tena, bali mbu. Katika kijiji cha Namawala, karibu na Ifakara, ilihesabiwa kwamba mtu mmoja huumwa na mbu wenye vijidudu vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Chanjo iliyobuniwa na Mkolombia Manuel Patarroyo ilijaribiwa kwa watoto 586 wa Idete, kwa ushirikiano na wataalamu wa Barcelona. Ikaonekana kupunguza maradhi kwa asilimia 31, lakini majaribio ya nchi nyingine hayakuiunga mkono, ikaachwa. Ndipo macho yakarudi kwenye kitu kikongwe zaidi, chandarua, safari hii kikiwa kimetiwa dawa.

Mashaka hayakuwa juu ya chandarua chenyewe, kwani majaribio ya Gambia, Kenya na Ghana yalikwisha kuonyesha nguvu yake pale kilipogawiwa bure na kusimamiwa kwa karibu. Swali lilikuwa hili: je, kikiuzwa kwa bei nafuu madukani, kama sabuni na mafuta ya taa, kitaokoa maisha vilevile? Mradi ulioitwa KINET, uliogharimiwa kwa sehemu kubwa na serikali ya Uswisi, ulianza kuviuza mwaka 1997 katika wilaya za Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu, na wajawazito wakapewa hati za kupunguziwa bei. Haikuwa biashara nyepesi. Wazazi wengi walijua kwamba homa hutokana na mbu, lakini degedege, lile linalomkakamaza mtoto na kumgeuza macho, walilihesabu kuwa jambo jingine kabisa, la shetani au la ndege apitaye usiku, lisilo na uhusiano na mbu. Ilhali degedege hilo aghalabu ni malaria yenyewe imepanda kichwani.

Na wafu wangehesabiwaje, katika nchi ambayo mtoto wa shamba aweza kuzaliwa na kuzikwa bila ya jina lake kuandikwa popote? Tangu mwaka 1996 vijiji 25 viliandikishwa kaya kwa kaya, na kila baada ya miezi 4 mdodosaji alirudi kwa baiskeli na daftari lake, akapiga hodi, akakaribishwa kigoda, na mama mwenye nyumba, huku akiendelea kupepeta mchele wake, akaulizwa maswali yale yale: tangu siku ile, nani amezaliwa, nani amehamia, nani amehama, nani amefariki. Wakati wa kulima na kuvuna mpunga alikuta nyumba zimefungwa, wenyewe wamehamia mashambani na watoto wao, ikambidi awafuate huko kwenye madungu. Hakuna wahisani wengi wapendao kugharimia baiskeli na daftari, kwa sababu havina picha ya kutia gazetini.

Lakini daftari hilo ndilo lililotoa jawabu. Miongoni mwa watoto wa chini ya miaka 2, wenye vyandarua vyenye dawa waliongezeka kutoka asilimia 10 hadi 61 kwa muda wa miaka miwili tu. Na mwaka 2001 ilitangazwa kwamba vyandarua hivyo viliongeza kuishi kwa watoto wa baina ya mwezi 1 na miaka 4 kwa kadiri ya asilimia 27. Miaka mitatu baadaye serikali ilianzisha Hati Punguzo kwa wajawazito, na karatasi ile iliyojaribiwa Kilombero ikaanza kuenea nchi nzima.

Ama papasi, sakafu za saruji na kuta zilizopigwa lipu zimemnyang'anya makao katika nyumba nyingi. Ukilitaja jina lake leo katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, vijana watakuonyesha mtu aliyesimama karibu na bandari, mwenye kofia na miwani ya jua, akiwafuata watalii.