Bolti Moja Imenifunza Historia ya Siyu

Wiki jana breki ya baiskeli yangu ilidondosha bolti, hapa hapa Siyu. Kitu kidogo kama njugu, lakini bila hicho unafunga breki kwa kandambili.

Nikajiambia, kwani hii si Siyu? Mji uliosifika kwa panga, kazi za ngozi na misahafu ya kuandikwa kwa mkono. Mji ambao Zanzibar haikuuweza mpaka 1863. Leo tushindwe na bolti?

Tulishindwa, na si kwa uvivu wa vijana. Upanga uliofuliwa kwa mkono hushonewa ala yake, basi. Bolti lazima iingie kwenye nati ya mtu usiyemjua. Hata Uingereza kila karakana ilikuwa na meno yake, hadi Joseph Whitworth alipopendekeza kipimo kimoja mwaka 1841.

Vipimo bado vinagongana. Baiskeli nyingi za kizamani za Kiingereza zina meno 26 kwa inchi. Za siku hizi ni za milimita. Bolti ya robo inchi na ya milimita 6 zinafanana, ila ukilazimisha, meno yanakwisha. Usiseme tu "nipe ya spana 10", hiyo ni saizi ya kichwa. Beba nati yako, jaribu kwa vidole kwanza.

Yangu ilikuja na boti kutoka Lamu. Washa ilikosekana, fundi wetu akaikata kwenye bati la kopo, ikakaa sawa. Kwa hivyo wanangu, msituambie ufundi wa Siyu umebaki makumbusho tu.