Kutandika na shina lake

Kuko ndugu wanaosema Kiswahili ni luga ya Waarabu tu. Sisi tunaofundisha hatukubali, na kitenzi kimoja cha nyumbani kinatusaidia kujibu: kutandika.

Ni kweli, jina tabaka limetoka katika Kiarabu. Lakini kazi yenyewe, mama anapotandaza mkeka, halafu shuka, halafu blanketi juu, tunaiita kwa neno la Kibantu. Shina ni tanda, maana yake kuenea ao kufunika mahali. Humo munatoka kitanda, utando na matandiko. Wenye Lingala nao wanasema kotanda kwa kutandaza vitu, na neno hilo hawakuliazima Unguja.

Na ile -ika ya mwisho? Hapo ndipo utamu uko. Inaonyesha kuweka kitu katika hali fulani: kufunika, kuanika, kubandika. Ukitaka kuondoa, unaweka -ua: kufunua, kuanua, kubandua, kutandua. Mpango huo si wa Kiarabu hata kidogo.

Pwani, kutandika ni pia kumwekea punda matandiko mgongoni. Kwetu maana hiyo ni ngeni. Misafara ya karne ya 19 iliyofika Nyangwe na Kasongo ilibebesha watu mizigo, kwa kichwa na begani, maana mbung'o waliua wanyama. Basi neno limebaki kitandani. Tena nusu yake inapotea: darasani kwetu kutandika kila mutoto anakujua, lakini kutandua hawasemi; wanasema tu «kutosha shuka».