Ua la Mwadui lisilonyauka

Leo ni historia kidogo. Watu wa Geita naomba mtulie na dhahabu yenu kwanza, zamu ni ya Shinyanga.

Wanaonijua wanajua ugonjwa wangu wa maua ya tunguu, yale yanayolala ardhini kama kitunguu halafu yanachomoka ghafla. Ulaya huchanua baridi ikiisha. Jonkwili kwa mfano, lile ua la njano la jamii ya narsisi, asili yake ni Hispania na Ureno, na tunguu lake hutaka kipindi cha baridi ndipo litoe ua. Sasa baridi hiyo Shinyanga tunaitoa wapi? Teh teh!

Lakini jonkwili maarufu kuliko yote, kwa maoni yangu, limetoka kwetu. Siyo utani.

Mwaka 1940 mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui. Oktoba 1947 ikapatikana pale almasi ya waridi ya karati 54.5. Williamson akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyefunga ndoa Novemba 20 mwaka huohuo. Ikakatwa London 1948, ikabaki karati 23.6, yaani zaidi ya nusu iliondoka! Mwaka 1953 Cartier wakaiweka katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la jonkwili, petali na bua vya almasi nyeupe. Malkia alilivaa hata kwenye harusi ya Charles na Diana, 1981.

Mungu akipenda nitafundisha historia, na hapa ndipo naona wanafunzi watanibana. Kisheria mgodi ulikuwa wa Williamson, alikuwa na haki ya kutoa zawadi. Sawa. Ila Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Uingereza, na wazee waliochimba pale hakuna aliyewauliza. Williamson alifariki 1958, ndipo mgodi ukauzwa, nusu De Beers, nusu serikali ya Tanganyika. Jiwe lilishaondoka zamani. Na hata sura ya ua ni ya bustani za kwao jamani, wakati sisi tunguu letu tunalo.

Mvua za Novemba zikianza, nenda kwenye ngitili. Utakuta mpira mwekundu wa vijiua vingi umetoka ardhini, majani yenyewe bado hayajakunjuka vizuri. Wataalamu wanaliita Scadoxus. Bibi yangu wa Maganzo akiniona nalichimba hufoka, "Mjukuu wangu, lina sumu hilo, mbuzi wasije wakala!" Na ni kweli lina sumu. La kwangu liko kwenye kopo la rangi nje ya hosteli. Mwaka jana lilitoa ua moja, likakaa kama wiki hivi, basi.

Ninayo matatu ya ziada. Anayetaka apite chumbani kabla mvua hazijaanza, na aje na kopo lake.