Mti wa Bunduki na Chuma Chake

Katika mazungumzo ya leo twapenda kueleza habari za sehemu ya bunduki isiyoangaliwa sana, nayo ni mti wake. Watu wengi husifu kasiba, maana humo ndimo inamopita risasi. Lakini mafundi wa zamani walijua ya kuwa kasiba njema, ikilazwa vibaya katika mti, haipigi shabaha.

Sababu yake ni hii. Chuma hakinywi maji, bali mti hunywa. Wakati wa masika hufura, wakati wa kiangazi husinyaa, na pengine hupindika. Ukiisukuma kasiba upande mmoja, risasi iliyopiga katikati mwezi uliopita leo itakwenda kando. Tena kila bunduki inapolia, chuma hurudi nyuma kwa nguvu. Kama hakikukaa sawasawa huuponda mti, hata ukapasuka. Kwa mwindaji jambo hili si dogo. Mnyama aliyejeruhiwa tu huteseka porini, na nyati mwenye jeraha aweza kumuua mtu.

Mafundi wa Ulaya walipenda mti wa mjozi, kwa kuwa si mzito mno wala haupasuki upesi. Ubao wake uliachwa miaka kadhaa ukauke ndipo uchongwe. Huko London fundi alishika chuma juu ya moshi wa taa mpaka kikapakaa masizi, akakibonyeza katika mti, akakitoa. Palipokuwa na weusi ndipo palipogusa. Akapakwangua kidogo kwa patasi, akarudia tena na tena, mpaka weusi ukaenea mahali pote palipotakiwa. Mwenda pole hajikwai.

Mwaka 1898 jeshi la Ujerumani lilipokea bunduki ya Paul Mauser wa Oberndorf. Chuma chake kilishikwa katika mti kwa parafujo mbili, na chini yake palikuwa na kinundu kinachoegemea mti ili kupokea ile nguvu ya kurudi nyuma. Mafundi wengi walitengeneza bunduki za kuwindia kwa namna hiyo. Walter Bell, Mskochi aliyewinda tembo Karamoja katika Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, alitumia sana bunduki ya Mauser iliyotengenezwa na Rigby wa London. Risasi yake ilikuwa na upana wa milimita 7 tu. Risasi ndogo namna hiyo haimfai mtu kwa tembo, isipokuwa ipige mahali penyewe hasa.

Vita navyo vilileta mafunzo. Kiwanda cha Lithgow katika Australia, kilichofunguliwa mwaka 1912, kilitengeneza bunduki za Lee-Enfield kwa miti ya nchi ile. Miti hiyo ilikuwa laini kuliko mjozi, na chuma kiliiponda. Basi wakati wa vita vya 1939 hata 1945 mafundi walitia vibati vya shaba mahali chuma kinapoegemea. Katika India, kiwanda cha Ishapore kilipitisha parafujo katika mti ili usipasuke.

Baada ya vita hivyo ilitokea gundi ya epoksi, ambayo ikikauka huwa ngumu kama jiwe wala hainywi maji. Hapo kazi iliyotaka mkono wa fundi mkubwa ikawezekana nyumbani. Kwanza mtu huhakikisha kwamba bunduki haina risasi. Hukwangua mti kidogo penye kinundu, hupaka chuma nta, huziba matundu kwa udongo laini, kisha hutia gundi na kukilaza chuma humo mpaka ikauke. Asiyepaka nta vizuri hukuta chuma na mti vimeshikana visitengane tena. Mwisho hupitisha karatasi kati ya kasiba na mti. Ikipita bila kukwama, kasiba haisukumwi na kitu.

Basi twaona ya kuwa masizi, shaba na gundi vyote vilitafuta jambo moja: chuma kikae mahali pamoja, masika na kiangazi. Gundi imepunguza siku za kazi, lakini haikuondoa haja ya subira. Mwenye kuharakisha hapo atalipwa porini, siku risasi yake itakapokwenda kando.