Husuni, Gereza, Hongo, Ikulu: Magofu Yaliyomo Katika Maneno



Lipo neno ambalo takriban limetoweka katika mazungumzo yetu ya kila siku, lakini bado limesimama juu ya mwamba mmoja kusini mwa pwani ya Tanzania. Neno hilo ni husuni. Asili yake ni Kiarabu: ngome ikiwa moja huitwa hisn, zikiwa nyingi huitwa husun. Waswahili walilichukua umbo la wingi wakalitumia kwa jengo moja, kama walivyofanya kwa neno malaika, ambalo nalo katika Kiarabu ni wingi. Leo husuni hulisikii sokoni wala shuleni. Ukitaka kukutana nalo, huna budi kuvuka maji kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani, kwenye magofu mawili yanayoitwa Husuni Kubwa na Husuni Ndogo.

Mimi ni mtu wa Buigiri, katikati ya nchi, ambako bahari huonekana katika ramani tu. Nilikwenda Kilwa baada ya kustaafu ualimu, kuyaona kwa macho mambo niliyoyafundisha kwa chaki miaka mingi. Nataka kuwaeleza niliyoyaona, kisha niseme kwa nini safari ile imenirudisha kuyatafakari maneno yetu ya huku bara.

Kilwa Kisiwani hakuna mlima. Husuni Kubwa imejengwa juu ya genge la mwamba, upande wa kaskazini wa kisiwa, nje ya mji wa kale. Ukisimama pale unakiona chombo kinachoingia bandarini kabla hakijatia nanga. Aliyeijenga ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14, na jina lake limeonekana katika maandishi ya mawe yaliyofukuliwa papo hapo. Ni jumba lenye vyumba zaidi ya mia moja, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Lina ua wa kuwapokelea wageni wenye vidaraja vya kukalia, lina ua mkubwa uliozungukwa na vyumba vya kuwekea bidhaa, na lina birika la kuogea lenye pembe nane.

Hapo kwenye birika nilisimama kitambo. Wengi wetu leo tukisema birika twakusudia chombo cha chai. Mababu wa pwani walikusudia tangi la maji lililojengwa, kama lile la kutawadhia msikitini. Neno ni lile lile. Bahari ya maana yake ndiyo iliyokupwa.

Kwa hakika, mjengo wenyewe hauonyeshi ngome. Mchimbuzi wa mambo ya kale Neville Chittick, aliyefanya kazi Kilwa hasa katika miaka ya 1960, alilieleza kuwa ni kasri la mfalme lililounganishwa na ghala la biashara. Aliona pia kwamba sehemu zake nyingine hazikumalizwa, na kwamba halikukaliwa muda mrefu. Husuni Ndogo, iliyo ng'ambo ya korongo, ina kuta nene na minara, lakini kazi yake mpaka leo wataalamu hawajakubaliana. Basi waliolipa kasri lile jina la husuni huenda walikuwa watu wa baadaye, walioona kuta kubwa bila wenyewe wakadhani ni za vita.

Utajiri ulioijenga ulitoka katika biashara ya dhahabu ya Sofala, pamoja na pembe za ndovu na watu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, zamani za sultani huyu huyu, akamsifu kwa ukarimu. Asimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizozivaa, naye akaingia ndani akazivua akampa. Mwanawe akazikomboa kwa watumwa kumi, na sultani alipoona watu wamesifu kitendo kile akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe. Kisa hiki husimuliwa kwa kuwa kinasifu mkono uliotoa. Msomaji wa leo na awatazame pia wale ishirini waliotolewa, ambao hapana aliyeandika majina yao.

Nawageukia sasa washairi. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe, nyingi zikiwa za shaba. Upande mmoja waliandika jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na maneno hayo yalichaguliwa ili mwisho wake ulingane kwa sauti na mwisho wa jina. Yaani sarafu ilikuwa na vina! Muuza samaki wa Kilwa alikuwa na mizani na kina katika kiganja chake, ingawa kwa Kiarabu. Moja ya sarafu za al-Hasan bin Sulaiman iliokotwa mbali bara, Zimbabwe Kuu, na nyingine za Kilwa zilionekana mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Jumba lilikwama juu ya genge lake. Shairi la maneno machache likatembea dunia.

Kijana aliyeniongoza alikuwa mwenyeji wa kisiwa. Nilimwuliza, “Bwana mdogo, husuni maana yake nini?” Akatabasamu kwa adabu akajibu, “Ni jina tu la hapa, Mwalimu.” Jibu lake lina elimu ndani yake. Neno lililokuwa la jumla, la kutaja kila jengo la namna fulani, limekuwa jina la pekee la mahali pamoja. Hivyo ndivyo maneno yanavyogeuka magofu: hayafi, lakini hayana tena wakazi.

Karibu na ufuo wa kisiwa hicho hicho kuna jengo jingine, ambalo neno lake limekwenda njia ya pili. Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505 wakajenga ngome, wakaiacha mwaka 1512. Jengo linaloonekana leo ni la Waomani, la mnamo mwaka 1800, lakini ndani yake yamo mabaki ya kazi ya Wareno. Linaitwa Gereza. Wanaisimu wengi wanalihusisha neno hili na igreja, yaani kanisa kwa Kireno, kwa kuwa ndani ya ngome zao Wareno walikuwa na kanisa. Mahali pa sala pakawa jina la ngome, na ngome ikawa jina la mahali pa kufungia watu. Husuni ilijengwa na mfalme mkubwa, na neno lake limebaki juu ya genge moja. Gereza lilitoka kwa wageni waliokaa Kilwa miaka saba tu, na neno lake limo katika kila mji wetu. Ukubwa wa mjenzi haukulifaa neno lake kitu.

Katika miaka yangu ya kufundisha sekondari, kila tulipofika mada ya miji ya pwani, hakukosekana mwanafunzi wa kuuliza: “Mwalimu, mbona sisi Wagogo hatuna magofu?” Swali hilo lina uchungu. Mtoto hukitazama kitabu, akaona picha za kuba na nguzo za Kilwa, kisha akatazama dirishani akaona mibuyu na vumbi, akahitimisha kwamba historia ilipita mbali na kwao.

Nilipokuwa Kilwa niliona mibuyu ile ile. Niliona pia jambo la paa. Ukiacha sehemu zilizoezekwa kwa kuba, vyumba vingi vya Husuni Kubwa vilikuwa na paa bapa: boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake mawe na chokaa. Kwa kuwa boriti ya mkoko ina urefu wake, chumba hakikuweza kuwa kipana kuliko kiasi cha mita 2.5 au 3, hata kama mwenye nyumba ni sultani. Sasa ifikirie tembe ya Ugogo. Nayo ina paa bapa: miti iliyolazwa, fito juu yake, kisha udongo ulioshindiliwa. Nayo huuzunguka ua, ambamo ng'ombe hulala. Sisemi kwamba mmoja alijifunza kwa mwenzake. Nasema kwamba wote wawili walitii urefu wa mti. Tofauti ni kuwa tembe ikihamwa, mvua chache huirudisha ardhini, na matumbawe hukaa karne saba.

Lakini wasiojenga kwa mawe nao wameacha kitu. Katika karne ya 19 misafara ya kwenda Unyamwezi na maziwa makuu ilipita Ugogo, nchi kame yenye visima vichache. Watemi wetu waliitoza nguo, shanga na waya ndipo waipe njia na maji. Ada hiyo iliitwa hongo. Ilitozwa waziwazi, kwa mapatano marefu yaliyowachosha wasafiri wakajaza malalamiko katika vitabu vyao. Leo hongo ni rushwa, kitu cha kupokelewa gizani. Mtu anayelijua neno hilo kwa maana ya leo tu hawezi kujua kwamba lilikuwa ushuru wa nchi iliyojitawala.

Na lipo jingine lililo kubwa zaidi. Makao ya mkuu wa nchi hatuyaiti husuni, wala kasri. Twayaita ikulu, neno lililotoka bara, kwa Wanyamwezi, ambako lilitaja makao ya mtemi. Makao hayo yalikuwa ya miti na udongo, na mengi hayaonekani tena hata msingi. Hapa jirani yetu, Chamwino, Ikulu mpya ilizinduliwa tarehe 20 Mei 2023, miaka hamsini tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma. Jengo ni la zege na vioo. Jina ni la miti na udongo. Kwa hiyo, mwanafunzi wangu popote ulipo, jibu la swali lako ni hili: magofu tunayo, ila yamo kinywani.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 zikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, zikaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuzihifadhi. Mawimbi hata hivyo hayajastaafu. Mawe yana walinzi wake, nao wastahili shukrani. Maneno walinzi wake ni nani?

Mji wa Pate ulimpata Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambaye katika Al-Inkishafi aliyatazama majumba yaliyobomoka akayafanya mawaidha ya moyo wake. Kwa hiyo mtu ambaye hajafika Pate anaijua Pate, na anajua zidaka ni nini. Husuni Kubwa haina utenzi unaofahamika hivyo. Malenga wa ukurasa huu, nawaachia kazi hiyo. Kabla hamjashika kalamu, waendeeni wazee wenu, wa pwani na wa bara, muwaulize kila sehemu ya nyumba iliitwaje: daka, zidaka, kuba, boriti, birika, na majina ya tembe yetu ambayo hata kamusi hazijayapokea. Mkiyapata, msiyafungie katika orodha. Yatieni katika beti, yapate wakazi.