Upungufu wa damu usiokoma: Huenda mishipa ya tumboni inavuja

MGONJWA anayekutwa na upungufu wa damu kwa kawaida hupewa vidonge vya madini ya chuma, dawa ya minyoo na ushauri wa kula maini, dagaa na mboga za majani. Wengi hupona. Wapo, hata hivyo, wanaorejea baada ya miezi michache wakiwa wamepauka, moyo ukienda mbio na pumzi ikiwaishia kwa mwendo mfupi tu. Kwa hao haitoshi kuuliza damu imepungua kiasi gani. Sharti pia kuuliza inakwenda wapi.

Mtu mzima huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu iwapo himoglobini yake iko chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume, au 12 kwa mwanamke asiye mjamzito.

Kwa mkazi wa Mapinga, Bagamoyo au kwingineko pwani, sababu za kuchunguzwa kwanza ni malaria, lishe duni, hedhi nyingi, kichocho na minyoo ya safura. Mnyoo mmoja wa safura wa aina kubwa hunyonya takribani mililita 0.2 za damu kwa siku. Wakifika 100, hasara ni mililita 20.

Sababu hizo zikiondolewa na damu ikaendelea kupungua, ndipo hushukiwa maradhi ya mishipa ya damu ya tumbo na utumbo. Hutokea kwa nadra, na mara nyingi hayaumi.

La kwanza ni kutanuka kwa vijishipa vya utumbo, hasa utumbo mpana upande wa kulia. Huwapata zaidi watu waliovuka umri wa miaka 60 na wenye maradhi sugu ya figo. Mwaka 1958, daktari Mmarekani Edward Heyde aliandika kuwa aliona damu ya namna hiyo ikivuja kwa wagonjwa ambao valvu kuu ya moyo wao ilikuwa imebana. Ndiyo maana daktari anayetafuta damu iliyopotelea tumboni huweza kumpima mgonjwa moyo.

La pili hushambulia sehemu ya chini ya tumbo la chakula. Mishipa hujipanga kwa michirizi myekundu inayofanana na ya tikiti maji. Huonekana zaidi kwa wanawake wazee na wagonjwa wa ini.

La tatu ni la kurithi, na hubeba majina ya madaktari Rendu, Osler na Weber, waliolieleza kati ya mwaka 1896 na 1907. Dalili zake ni kutoka damu puani mara kwa mara na vidoa vyekundu midomoni, ulimini na kwenye vidole. Kila mtoto wa mwenye ugonjwa huo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi.

Damu kidogo inawezaje kumdhoofisha mtu? Kijiko kimoja cha chai cha damu kina takribani miligramu 2.5 za chuma, ilhali mwili hufyonza miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku kutoka katika chakula. Anayevuja kijiko kimoja kila siku hufilisika polepole, bila kuona hata tone chooni.

Uchunguzi huanza kwa kupima damu iliyojificha katika choo kikubwa, kisha mgonjwa hupelekwa hospitali ya rufaa, kama vile Muhimbili, kuangaliwa kwa kamera inayopitishwa mdomoni au njia ya haja kubwa. Mshipa unaovuja ukionekana, huweza kuunguzwa papo hapo. Wengine huhitaji chuma cha kudungwa mshipani au kuongezewa damu, lakini kuongezewa damu peke yake hakuzibi tundu.

Mwenye dalili hizi asitumie diklofenaki, ibuprofeni au aspirini bila ushauri wa daktari. Aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache mwenyewe, bali amweleze daktari wake. Ikumbukwe pia kuwa vidonge vya chuma hugeuza choo kuwa cheusi. Lakini choo cheusi kama lami, kinachonata na kunuka vibaya, ni ishara ya hatari. Anayekiona, au anayetapika damu, awahi hospitali siku hiyo hiyo, akiwa na kumbukumbu za vipimo vyake vyote vya awali.